Bi Pua, Mjafari, na Chupa za Mdogo Wake

Ndugu na jamaa, majirani, na ninyi mliotoka kazini mkaja hapa hata nguo hamjabadilisha, familia imemteua binti pekee wa marehemu, yule fundi cherehani mnayemwona amesimama mbele yenu, awasomee maisha ya mama yake tangu alipozaliwa hadi alipotuacha, na kwa kuwa marehemu hakuwahi katika uhai wake kuvumilia kitu kilichooza kikapakwa asali juu, tutamsoma kama alivyokuwa, na atakayekunja uso ajue kwamba marehemu alikunja wa kwake kwanza.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Pua, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1952, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya fundi saa, mtaa wa pili kutoka soko la viungo, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi huyo na mkewe, aliyekuwa na meza ya viungo sokoni humo, na inasimuliwa kwamba akiwa bado hajaota jino alikataa katakata kunywa maziwa kwenye kikombe kilichofutwa kwa tambara lililolala na maji, akageuza shingo, akafumba mdomo, akalia mpaka kikombe kikachemshwa, na bibi yetu akasema nyumba imepata mkaguzi. Mwaka 1960 alizaliwa mdogo wake wa pekee, mjomba wetu, ambaye yuko nasi, ameketi safu ya mbele, na ambaye marehemu alimbeba mgongoni kila asubuhi kutoka nyumbani hadi sokoni, akamfundisha kutembea, kupenga kamasi na kunawa mikono, na kati ya mambo hayo matatu, mawili yalimwingia.

Ni kwenye meza ile ya bibi ndipo marehemu alipokutana na mjafari, mti wa porini usio mrefu, ambao matunda yake madogo mekundu yakikauka hupasuka yakatoa mbegu moja nyeusi inayong'aa, na ganda lake ukilitafuna ulimi hufa ganzi kisha ukachezacheza kama umelamba betri. Watu walinunua matunda hayo kwa chai na kwa kikohozi, wakanunua gome kwa homa na kwa jino linalouma, majani ya kujifukizia mafua na vijiti vya kusugulia meno, na bibi aliwauzia wote pamoja na onyo lake moja, kwamba homa ikilala mara mbili waende hospitali, kwa sababu mjafari una fadhila zake lakini haukusomea udaktari. Kazi ya marehemu mezani hapo ilikuwa kuchambua, maana mavi ya panya yakikauka na mbegu ya mjafari havipishani sana kwa umbo, na ilhali wengine walitumia macho, yeye alitumia pua, na siku moja, akiwa na miaka tisa, alisimama mbele ya meza ya muuzaji jirani, mwanamke mzito aliyeogopwa na soko zima, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye maduka ya nguo, "Hiki si kiungo, hiki ni choo cha panya," na tangu hapo jina la Pua likamganda.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959, akaendelea na sekondari ya wasichana mwaka 1966, na mwaka 1972 akajiunga na chuo cha sayansi kusomea mimea, ambako mwalimu wake mkuu alimshauri kwa upole achague zao lenye wateja, mahindi kwa mfano, naye akajibu kwa upole uleule kwamba mahindi yameshapata wasemaji wa kutosha. Akaingia porini na daftari, akarudi amechanwa mikono na mashavu, kwa sababu shina la mjafari limejaa vinundu vinene vya gome, na kila kinundu kina mwiba nchani, na hata vikonyo vya majani vina miiba midogo iliyopinda, inayoshika nguo ya mtu na kukataa kumwachia. Aliandika kwamba jani lake ukiliinua kwenye mwanga utaona vitobo vidogo vya mafuta, na ukilifikicha linanukia kama limau, na aliandika kwamba gome lichukuliwe upande mmoja tu, upana wa kiganja, kwa kuwa chini yake ndipo chakula cha mti kinapopita, na anayebandua gome kuuzunguka mti mzima ameunyonga. Zaidi ya yote aliandika jambo ambalo aliwaambia watu mpaka kinywa kikamkauka, kwamba mijafari ina madume na majike, kila mmoja mti wake, dume likitoa maua yenye unga na jike likitoa matunda, na kwamba dume halizai hata tunda moja, wala bila dume hakuna litakalozaliwa.

Tarehe 1 Julai 1976 chuo kilimwajiri awe mtunzaji wa chumba cha mimea mikavu, chumba kirefu chenye makabati ya chuma ya kijani, magazeti ya zamani yaliyofumbata matawi, mbao za kushindilia, gundi, na harufu ya dawa ya nondo iliyomfuata mpaka ndani ya mkoba wake wa chakula, na humo alikaa miaka thelathini na sita, akifundisha, akipanga, na akiwarudishia wanafunzi matawi yaliyoota ukungu, akiyashika kwa ncha ya kalamu. Wanafunzi wake waliopo hapa wanakumbuka walivyonawa mikono kabla ya somo na baada ya somo, na wanakumbuka alivyosema kwamba mtu anayeweza kula karanga huku anashika sampuli anaweza kufanya lolote. Mwaka 1988 chuo kilimpiga picha ya kalenda, amevaa koti jeupe, ameshika tawi la mjafari karibu na pua, anatabasamu kwa kujilazimisha kidogo, na hiyo ndiyo picha ambayo nyote mnaijua, ingawa ni wachache mno mlioiona kwenye kalenda.

Kabla ya hapo, tarehe 15 Desemba 1979, marehemu alifunga ndoa na baba yetu, fundi seremala, ambaye chuo kilimwita kutengeneza mbao za kushindilia mimea, akazileta, akazipuliza vumbi akiwa nje ya mlango, akaomba maji anawe kabla hajaziweka mezani, na marehemu alikuwa akisema hakuhitaji ushahidi zaidi ya huo. Walijenga nyumba yenye karakana ubavuni, na nyuma yake wakaotesha mijafari kwa mbegu, kazi ya kukatisha tamaa, kwani mbegu zake ngumu huchagua siku ya kuota, na kati ya mkebe mzima ikasimama saba, ikakaa miaka bila kusema ni nini, mpaka ilipotoa maua ndipo ikajulikana kuwa minne ni majike na mitatu ni madume. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti anayewasomea haya, aliyezaliwa tarehe 2 Machi 1981, na mwana, dereva wa lori, aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 1984, na baadaye wajukuu watano, ambao wote wamerithi tabia ya kunusa kijiko kabla ya kukitumia.

Mjomba wetu wakati huo alikuwa ameuza barafu, ikayeyuka, akafuga kuku, wakafa, akakodisha viti, vikaenda kwenye sherehe visirudi, na kila mara dada yake alimpokea, akampa chakula, akamwambia akanawe. Mwaka 2013, marehemu akiwa amestaafu, mjomba alimwomba matunda ya mjafari auze kama kiungo cha chai, naye akampa kwa moyo mweupe, kwa sharti la mama yao, kwamba aseme ni kiungo na asiseme zaidi. Haukupita muda mrefu kikaingia sokoni kinywaji cheusi ndani ya chupa ndogo, jina lake Dawa ya Dada, mbele yake pana picha ile ya kalenda, koti jeupe, tawi puani, na chini yake maandishi kwamba inatibu magonjwa arobaini na moja, na marehemu alipoisoma akakuta humo kukosa usingizi na kulala kupita kiasi, akauliza chupa yenyewe itajuaje imeingia kwa nani. Mjomba akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akamwambia ni heshima, dada, nchi nzima inakuona, na marehemu, kwa sababu ni yule aliyembeba mgongoni, alinung'unika, akasubiri aone haya mwenyewe. Kusubiri mjomba aone haya ni kazi ambayo hatumshauri mtu aianze.

Mwaka 2015, tarehe 11 Septemba, wazazi wetu walisafiri kwenda kwenye harusi ya mwana wao, wakamwachia mjomba ufunguo wa geti, na waliporudi walikuta madume yote matatu yamekatwa, yamebanduliwa gome mpaka kwenye kidole cha mwisho cha tawi, na mashina yamelala uani yakiwa meupe, yanatoa utomvu, yamejaa nzi. Mjomba alijieleza bila wasiwasi wowote, huku akila, kwamba ameangalia misimu miwili na kuona miti ile haizai, imekaa tu kula mbolea ya shemeji, basi akaitoa ili inayozaa ipate nafasi, akashangaa kwa nini hashukuriwi. Msimu uliofuata majike manne yalichanua vizuri, kisha maua yakakauka, yakaanguka, na hakukuwa na tunda hata moja, na hapo mjomba akaja na uso wa aliyeonewa, akamwambia marehemu mbele ya majirani, "Dada, kama hutaki nipate si ungesema, kuliko kuifunga miti." Marehemu akaingia ndani, akatoka na kioo cha kukuzia, akamshikisha ua la jike, akamwonyesha kwamba halina unga, akamweleza dume lilikuwa la nini, akamweleza taratibu kama alivyomweleza akiwa mtoto kwenye meza ya mama yao, na mjomba akatazama, akarudisha kioo kikiwa na alama ya mafuta ya vidole vyake, akasema, "Sasa hayo mbona hukuniambia." Marehemu alikifuta kioo kile siku nzima.

Mvua za kwanza za mwaka 2017 zilipoleta majani mapya na maua, marehemu alikwenda chuoni, ambako nyuma ya jiko la wanafunzi palikuwa na mjafari dume mmoja wa zamani, akaomba matawi, akayaleta nyumbani yamefungwa kwenye shuka yenye maji, akapanda ngazi, mwanamke wa miaka sitini na tano, akawa anapangusa maua ya dume juu ya maua ya jike, tawi kwa tawi, huku baba yetu ameishika ngazi chini kwa mikono miwili, magoti yakimtetemeka, akimtania kwamba katika ndoa yao hajawahi kufanya kazi ya mshenga wa miti. Matunda yakarudi. Walifanya hivyo kila msimu, na sisi watoto wao tunasema wazi kwamba hatujawahi kuona watu wawili waliopendana kwa namna iliyo safi zaidi ya ile.

Mavuno hayo ya kwanza marehemu aliyabeba kwa mkono wake mwenyewe kumpelekea mdogo wake, ili yaishe maneno, na ndiyo siku alipoingia kwa mara ya kwanza katika banda la Dawa ya Dada, tarehe 3 Agosti 2017, na aliyoyaona tunayasoma kama alivyotuhadithia baada ya baba yetu kufariki, maana wakati ule alimsitiri mdogo wake hata kwa mumewe, na tunayasoma kwa kuwa kuna waliokunywa. Aliona mapipa ambayo mdomoni bado yana rangi ya mafuta iliyokauka, ya bluu, aliona magome yaliyolala mabichi mpaka yakaota manyoya ya kijivu, aliona nzi waliokufa wakielea na walio hai wakisubiri zamu, na aliona dawa ikichujwa kwa soksi, soksi ya shule, yenye milia miwili juu, ambayo kwenye kisigino ilikuwa bado na umbo la kisigino cha mtu. Aliuliza soksi ni ya nani, na mjomba akamtoa wasiwasi kwamba imefuliwa. Marehemu alitoka, akatapika kando ya barabara akiwa amevaa nguo zake za heshima, akarudi ndani, akachukua kikapu chake cha matunda, akamwambia mdogo wake kwamba hapati tena hata kikonyo cha jani, na picha aitoe kwenye chupa. Mjomba akaweka mkono kifuani, akaapa, na kiapo alikitimiza kwa kuihamisha picha kutoka mbele ya chupa na kuiweka nyuma.

Biashara bila matunda inahitaji kitu cha kujazia, basi mjomba akamwendea shemeji yake karakanani, akaomba unga wa mbao wa kutandikia kuku, ambao tumeshawaambia walikufa zamani, na baba yetu, mtu asiyejua kunyima, akamjazia magunia, akayatenga yale ya msonobari mtupu na yale ya mbao zilizolowekwa dawa ya mchwa, akamwonya kwamba haya ya pili kuku wasiyadonoe. Mjomba akasema amesikia. Unga ule ukachemshwa, ukatiwa sukari iliyounguzwa upate weusi, magome ya ukungu upate uchungu, na matunda machache ya kuokoteza kwa watu ili ulimi ufe ganzi, kwa maana ulimi ukishakufa ganzi mnunuzi anaamini kwamba kuna kitu kinafanya kazi.

Sasa baba yetu alikuwa anaumwa magoti, magoti yale ya kushika ngazi, na marehemu alimwambia aende hospitali, naye, kama wanaume wengi mliokaa hapa, akasema atakwenda Jumatatu. Kumbe alikuwa ananunua Dawa ya Dada kwa jirani, chupa baada ya chupa, anaificha nyuma ya misumari, anakunywa akiwa peke yake, na jirani alipomuuliza kwa nini anunue wakati mtengenezaji analala naye, baba alicheka, akaigeuza chupa, akaonyesha picha, akasema, "Mke wangu ana aibu ya kujisifu tu, lakini matunda si ni yake, na mdogo wake hawezi kumtupa, wewe mwone mwenyewe alivyo hapa." Aliuamini uso ule kwa sababu alikuwa ameuamini miaka arobaini, na ulikuwa haujawahi kumdanganya. Alifariki tarehe 22 Agosti 2019, figo zikiwa zimesimama zote mbili, na daktari wake, ambaye tunamheshimu kwa kusema anachokijua peke yake, alituambia hawezi kuapa kama ni vile alivyokunywa, au ni umri, au ni vyote, na sisi hatutasema zaidi ya daktari.

Marehemu hakuhitaji maabara. Baada ya mazishi aliingia karakanani kufagia, akaikuta chupa nyuma ya misumari, akaifungua, akainusa, akaketi kwenye benchi la mumewe, kwa sababu pua ile iliyokuwa inatenga mbegu na mavi ya panya ilimwambia mara moja kwamba ndani ya chupa mna msonobari, mna dawa ya mchwa, na mna gundi ileile ya karakana aliyokuwa ameketi ndani yake, kwamba mume wake alikuwa anakunywa takataka za randa yake mwenyewe, na kwamba aliyemshawishi ni yeye, mkewe, akiwa na koti jeupe na tabasamu. Alilia kwa sauti mpaka majirani wakaja, na majirani hao, wengi mko hapa, mnajua kwamba hakulia hivyo hata siku ya kuzika.

Alimwendea mdogo wake, akaiweka chupa mbele yake, akamwambia, "Umemlisha mume wangu mbao, na kijiko ulichomlishia ni uso wangu," na mjomba akajibu kwamba aliyechanganya magunia ni kibarua, kwamba kibarua huyo ameshafukuzwa, na kwamba watu wanampenda dada yake, akiiondoa picha wataacha kununua. Marehemu akaenda kwenye ofisi inayohusika, akaambiwa chupa imesajiliwa kama kinywaji baridi, kwa hiyo haina kosa la dawa, na akaambiwa arudi pamoja na anayemlalamikia. Akaenda sokoni mwenyewe, akasimama mbele ya meza zinazouza chupa zile, akasema kwa sauti ileile ya miaka tisa kwamba mtu asinywe, na watu wakamkodolea macho, wakamtambua, wakafurahi, wakasema kumbe ndiye wewe, mbona picha haikutendei haki, na wengine wakanunua mbili mbili palepale, wakamwomba azishike kidogo awatilie baraka. Alirudi nyumbani akaoga mara tatu, na kuanzia siku hiyo akawa hatoki bila kujitanda khanga mpaka machoni, yeye ambaye maisha yake yote hakuwa na kitu cha kuficha.

Mwezi Februari 2023 alianza kuumwa tumbo, akapimwa, ikaonekana ni saratani, akaanza matibabu katika hospitali kubwa, wodi ya ghorofa ya tatu, kitanda cha dirishani, na matibabu yale, pamoja na mema yake, yalimwondolea uwezo wa kunusa, akawa anawaita wajukuu wamweleze uji unanukiaje. Tarehe 18 Mei mwaka huu wa 2024 mjomba alikuja kumwona, ameleta machungwa, akaketi, akamshika mkono, akasikitika vizuri tu, kisha akatoa simu, akamwomba dada yake ajitahidi kutabasamu kidogo, kwa sababu picha ya zamani imepauka na wateja wanalalamika. Marehemu aligeuza uso ukutani. Alikaa hivyo, shingo imekaza, mpaka muuguzi wa zamu alipomshika mjomba kiwiko akamwonyesha mlango, na tunasema bila kumung'unya kwamba hatujawahi kuona kitu cha kutia kichefuchefu kuliko simu ile ikiwa juu ya uso ule.

Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Juni 2024, binti yake akiwa amemshika mkono, na kabla sauti haijamwishia alituomba jambo moja, hakuomba jingine, akasema, "Nisizikwe wakati uso wangu bado unauzwa." Tulimwita mjomba, tukamfikishia, akasema mzigo uko barabarani, hauwezi kurudishwa, lakini yeye kama ndugu ana mchango wake, na leo asubuhi mchango huo umefika, makatoni manane ya Dawa ya Dada, mapya, yamefungwa utepe mweusi, yagawiwe waombolezaji kwa niaba ya marehemu. Familia imeyapokea.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya ghorofa ya tatu, na hasa muuguzi wa zamu ile, tunawashukuru majirani waliokuja karakanani waliposikia kilio na ambao hawajatuacha tangu hapo, tunawashukuru walimu na wafanyakazi wa chuo alikofanya kazi, waliotuletea tawi la dume kutoka nyuma ya jiko kila msimu hata ngazi ilipobaki bila mshikaji, na tunawashukuru ninyi nyote mliokuja.

Ratiba inaonyesha kwamba sasa tunakwenda makaburini, lakini tunaomba mvumilie, kaburi limechimbwa na litasubiri. Nyuma ya nyumba wajukuu wametandaza mabeseni ya maji moto yenye sabuni, karatasi ya chupa hizi ikilowa inabanduka nzima, na makatoni manane yameshafunguliwa, na tunajua pia kwamba wengi wenu, katika mikoba na katika makoti mliyovaa, mmekuja na chupa zenu, kwa sababu mlimpenda na mkaamini ni yeye, na hatumlaumu hata mmoja wenu. Njooni kila mtu na yake, maji machafu ya ndani yamwagwe chooni, na picha mtakayoibandua msiikunje wala msiitupe, mpeni binti yake, atazipanga ndani ya jeneza, zote, mpaka ya mwisho, ndipo lifungwe.

Mjomba, ukiwa mdogo wake, beseni la kwanza tumekuwekea wewe, na mikono unawe kabla hujamshika.

Pumzika kwa amani, mama, tunakukusanya.